Sala Iliyokwenda Salamabila

Harufu ndiyo iliyonishika kwanza. Sijavua hata viatu mlangoni, karatasi yangu mkononi, na pua imeshajua niko wapi: sponji ya godoro kuukuu, iliyonyeshewa ikaanikwa, ikanyeshewa tena. Radio yetu ya Kasongo imerudi hewani baada ya kunyamaza misimu miwili ya mvua. Wamepaka rangi ukuta wa nje, wameleta kompyuta, wamepandisha plake mpya za umeme wa jua juu ya bati, lakini kuta za studio bado wamezifunika kwa sponji za magodoro, kama zamani, ili sauti isirukeruke. Nikafurahi peke yangu pale mlangoni.

Nje kwenye benchi niliwaacha wanaume watano wanabishana. Jioni apewe nani? Wakatoliki wana rozari yao, Waislamu wana mawaidha yao, makanisa ya uamsho yana maombi yao, na jioni ni moja tu. Nilipopita niliwaambia, "Nyinyi bado tu?" Wakaangua kicheko, kwa sababu wananijua. Mimi ndiye yule mtoto.

Kijana anayepokea komunike alifungua daftari lake. Komunike, kwa yule asiyefika kwetu, ni tangazo la mtu kwa mtu: nani amejifungua, nani amefariki, nani anatafutwa. Mimi nilileta ya baba yangu. Alifariki radio ikiwa imezimika, tukamzika na waliokuwa karibu, na huko Lusangi, Kabambare na Salamabila wako watu aliowafundisha dini ambao mpaka leo wanadhani yu hai. Misa ya kumaliza kilio ni wiki ijayo, nataka waje.

"Jina la marehemu, mama?" kijana akauliza.

Swali jepesi. Lakini kalamu yake inangoja, ile harufu ya sponji imenijaa kichwani, na nikajikuta nina miaka tisa.

Wa umri wangu mnakumbuka jinsi radio ilivyorudi ile mara ya kwanza, baada ya vita. Mashine zilikuwa zimebebwa zote, ikabaki nguzo ya antena peke yake kilimani, na watu wakifungia mbuzi chini yake. Kisha ikaja mashine mpya kutoka Kindu, na haikuja kwa gari. Ilikuja kwa baiskeli, imelazwa juu ya godoro ili barabara isiivunje, imefunikwa hema, vijana wawili wanasukuma na wa tatu ameshika nyuma. Tuliipokea kama bibi harusi. Akina mama walipiga vigelegele, mjomba wangu Ramazani, mwalimu wa madrasa, akaisomea dua, baba yangu akainyunyizia maji ya baraka, na siku ile hakuna aliyeuliza nani aanze. Godoro lenyewe lilikatwa vipande likawa ukuta wa studio.

Baba yangu alikuwa katekista. Hata leo nikilitaja neno hilo nanyoosha mgongo, maana alikuwa hapendi mtu aliyelegea. Mama alizaliwa kwa Waislamu akaolewa kanisani, na Mwalimu Ramazani ni kaka yake wa tumbo moja. Kwetu hilo si ajabu. Krismasi mjomba alikula kwetu, Idi tulikula kwake, na siku zilizobaki za mwaka wao wawili waligombana kwa raha zao, shemeji na shemeji, mpaka chai inapoa.

Mtoto wa kwanza wa nyumba yetu ni yaya yangu, kaka yangu mkubwa, Feruzi, kwa hiyo Kasongo nzima baba aliitwa Baba Feruzi na mama aliitwa Mama Feruzi. Hilo jina baba alilipenda kuliko koti lake la Pasaka. Halafu, mwezi mmoja kabla ya mtihani wa serikali, Feruzi aliacha vitabu juu ya kitanda, akapanda nyuma ya pikipiki, akaenda zake Salamabila kuchimba zahabu. Hakuaga. Baba alipata habari njiani, kwa mtu baki. Alirudi nyumbani akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Kuanzia leo mutu asiniite tena Baba Feruzi," akasema. "Miye ni katekista. Basi."

Na aliyesahau hakujibiwa. Nimeona kwa macho yangu watu wazima wamesimama sokoni wanaita, "Baba Feruzi! Baba Feruzi!" na yeye anapita na kofia yake, moja kwa moja, kana kwamba haitwi yeye. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wake, na mkono ule ulikuwa unanibana.

Mama hakubishana. Alitundika baiskeli ya Feruzi ukutani, chumba cha mbele, mahali ambapo baba hawezi kukaa bila kuiona, na kila mwezi aliupaka mnyororo mafuta ya mawese usishike kutu. Antena ya poste ya baba, radio yake ndogo ya mezani, ilipovunjika, mama alichomoa chuma kimoja cha gurudumu la baiskeli hiyo, akakichomeka kwenye poste, na poste ikashika vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Basi baba akawa anasikiliza radio kila jioni kwa chuma cha Feruzi, huku amekataza Feruzi asitajwe. Mama yangu ni mtu wa namna hiyo. Bado yu hai, na akisikia nimemsimulia hivi atanipigia simu anikaripie.

Jioni radio ilikuwa na saa mbili tu, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili, kwa sababu betri hazikuweza zaidi. Saa ya kwanza ilikuwa habari na muziki. Ya pili ilikuwa ya komunike, na hiyo ndiyo niliyoipenda mimi. Mtangazaji alikuwa Mama Zaina, mwanamke mnene wa kicheko kikubwa, ambaye akishika daftari alikuwa hacheki tena. Alisoma kila komunike mara mbili, polepole, na zote zilikwenda hivi: "Komunike. Inatoka Kasongo, upande wa soko. Inakwenda kwa Idi, mwana wa Salima, aliye Lusangi karibu na daraja la miti. Unajulishwa kwamba dada yako amejifungua mutoto mwanamume, wote wazima. Ni siye wazazi wako, Mama Idi na Baba Idi. Mwenye kusikia amufikishie."

Maneno hayo ya mwisho hayakuwa mapambo. Mawimbi ya radio yetu yaliishia Lusangi. Salamabila, kwenye machimbo yenyewe, hayakufika. Lakini mtu wa Lusangi aliyesikia komunike alikuwa ameshafungwa. Hata kama humjui Idi, hata kama umegombana na Idi, umesikia, basi umebeba. Akina mama wa soko la Lusangi walikuwa wanazuia pikipiki zinazopanda Salamabila, wanamkaririsha dereva neno kwa neno, na dereva asiyefikisha alipewa mgongo na soko zima. Ndivyo tulivyoishi, na nasema bila kujisifu sana kwamba tuliishi vizuri.

Sasa fikirieni mtoto wa miaka tisa, kanisani asubuhi na kwenye poste jioni. Nikaanza kulinganisha. Baba anasimama mbele anasema: siye watu wa Kasongo tunakuja kwako, ee Mungu, kwa ajili ya fulani aliye mgonjwa mahali fulani. Halafu wote tunaitika Amina. Ala! Mtumaji yupo, mtu yupo, mahali papo, neno lenyewe lipo, na kifungo cha mwisho kipo. Nikakata shauri kwamba sala ni komunike. Mungu anakaa kule radio isikofika, ng'ambo ya Lusangi, pengine Salamabila kwenyewe, maana kila mtu wa maana alikuwa anakimbilia huko. Na Amina ni namna yetu Wakristo ya kusema mwenye kusikia amufikishie. Hakuna aliyenifundisha hayo. Niliyavumbua mwenyewe na nilijivunia.

Kisha mama akaanza kushika tumbo. Mwanzo alisema ni muhogo mbichi, baadaye akakubali kwenda hospitali. Hospitalini wakamkuta na uvimbe, wakampa siku ya kupasuliwa: Alhamisi ya wiki inayofuata. Alitoka pale amevaa uso wa kawaida, akanunua ndakala, wale dagaa wakavu, kisha badala ya kushika njia ya nyumbani akanivuta kupanda kilima cha radio. Mama Zaina alikuwa nje anapanga daftari zake.

"Nataka unisomee komunike," mama akamwambia. "Kwa Feruzi. Siogopi kisu, Mama Zaina. Lakini mutoto nimuone kwa macho kwanza, mbele hawajanilaza kwenye meza yao."

Mama Zaina akaandika, akafika mwisho, akainua kalamu. "Ni siye wazazi wako, Mama Feruzi na Baba Feruzi?"

Mama akatazama nguzo ya antena. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwake na ndakala kichwani.

"Mama Feruzi peke yake," akasema. "Baba yake hapana kumuweka. Sitamudanganya mutoto."

"Feruzi atakuja kwa jina moja?"

"Sijui," mama akasema. "Soma tu."

Ilipaswa isomwe Ijumaa, siku iliyofuata. Ila jioni ile ile ya Alhamisi, badala ya matangazo, kamati ya radio ilikaa uani, chini ya hema, na baba ndiye aliyekuwa prezida wa kamati. Sisi watoto tulikaa nyuma kwa sababu kikao cha wakubwa kilikuwa kitamu kuliko mpira. Mambo yalikuwa yamepamba moto wiki nzima. Waislamu wanataka jioni, Wakatoliki wanataka jioni, na pasta wa kanisa la uamsho, kijana mwenye tai ndefu, naye anataka jioni, maana mchana watu wote wako mashambani.

"Shemeji," mjomba Ramazani akamwambia baba, "magharibi haingojeaka mutu. Tupe siye saa ya kwanza, tukimaliza tunakwenda kuswali, munabaki na redio yenu munaimba mpaka betri inakufa."

"Saa ya kwanza watu bado wako njiani na majembe," baba akajibu. "Na saa ya pili unanipa watu gani wa kusikiliza, wanaopika?"

"Hata anayepika iko na masikio, shemeji. Mke wako ni dada yangu, namujua masikio yake."

Watu wakacheka. Pasta hakucheka. "Na siye je?" akauliza. "Munagawana wawili kama vile siye hatuko."

Wakazunguka hapo mpaka jua likaanza kushuka. Ndipo baba akasimama, akavua kofia, na nikajua amepata neno. Saa mbili za jioni, akasema, zigawanywe mara tatu: Waislamu, Wakatoliki, makanisa mengine, dakika arobaini kila mmoja. Habari na muziki zihamie asubuhi. Komunike zitasomwa kanisani siku ya Mungu na msikitini Ijumaa. Hakuna anayekosa.

Nao wakapiga makofi. Kweli walipiga makofi, na mjomba wangu alipiga kwa nguvu kuliko wote. Ni Mama Zaina peke yake aliyesimama, mikono kiunoni.

"Na mutu asiyekwenda kanisani wala musikitini?" akauliza. "Mutu iko mu shimo la zahabu huko, padri hamuone, shehe hamuone. Huyo munamwita kwa nini, kwa firimbi?"

"Mama Zaina," baba akasema kwa upole, "Mungu kwanza."

Mnisikilize vizuri hapa. Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Hakujua kwamba ndani ya daftari lile, ukurasa wa mwisho, kulikuwa na jina la mwanawe. Alidhani anamtetea Mungu, na alifurahi namna ile anavyofurahi mtu aliyemaliza ugomvi bila mtu kuumia. Mimi nilijua, na nilinyamaza, kwa sababu mama alikuwa ameniambia ninyamaze.

Ijumaa saa kumi na moja mama alikaa karibu na poste akitwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuna komunike. Mjomba alikuwa ametoa mawaidha, sasa ni rozari, baadaye pasta. Mama alitwanga mpaka pasta akamaliza, na sombe ilikuwa imeshakuwa uji.

"Baba Feruzi," akasema, "komunike haiko?"

Baba akageuza uso. "Sikusema musiniite vile? Komunike zitasomwa kanisani."

"Kanisani Feruzi haiko."

Jioni ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kutamkwa chumbani kwetu tangu baba alikataze. Baba alivaa kofia akatoka, na mama akaenda jikoni akiwa ameshika tumbo kwa mkono mmoja. Nilimwona amesimama kwenye moshi, anafuta macho, akasema ni moshi, na moshi ulikuwa mdogo. Niliumia sana. Nikahesabu siku kwa vidole: Jumamosi, siku ya Mungu, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Hazikuzidi mkono mmoja.

Jumamosi dakika arobaini za Wakatoliki zilikuwa za watoto, na watoto tulikuwa chini ya baba. Tulipanda kilimani kumi na wawili, tumevaa mashati meupe, tukajazwa ndani ya studio. Joto, na harufu ile ya sponji, na mikrofoni moja imefungwa kwenye kigoda kwa mpira wa baiskeli. Mama Zaina alikaa kwenye vifungo vyake, amenuna. Baba alisimama penye pazia. Tuliimba nyimbo tatu, mmoja akasoma Injili akarukaruka mistari, na mwisho baba akaninyooshea kidole: mimi nifunge kwa sala. Nilikuwa nimekaririshwa sala fupi ya kuwaombea watoto wa dunia nzima. Nilipiga magoti mbele ya mikrofoni.

Watu wamekuja kusema miaka yote kwamba nilikuwa mjanja. Jamani, sikuwa. Mimi nilijua tu kwamba komunike zimefungwa, kwamba sala hazijafungwa, na kwamba ni kitu kimoja.

"Ee Mungu," nikasema. "Sala. Inatoka Kasongo, upande wa misioni. Inakwenda kwa Feruzi, aliye Salamabila. Shimo hatulijui, lakini iko na kovu ya pasi hapa kwenye mkono." Nikaonyesha mkono wangu, kana kwamba Mungu ananiona kwa mikrofoni. "Unajulishwa kwamba mama atapasuliwa tumbo Alhamisi. Anasema haogopi kisu, lakini jana alilia jikoni, akasema ni moshi. Anataka kukuona kwa macho kwanza. Ni siye wazazi wako, Mama Feruzi na..."

Hapo nikakwama. Kwenye komunike ya mama, baba hakuwemo, nilisikia mwenyewe. Kumdanganya Feruzi mama alikataa, na kumdanganya Mungu hewani, mtoto wa katekista, nilijua ni dhambi kubwa sana. Nikageuza kichwa, mdomo bado uko kwenye mikrofoni.

"Baba," nikauliza, "nikutie na weye?"

Kasongo nzima ilisikia, mpaka Lusangi ilisikia. Mama Zaina alikuwa ameshika kifungo cha kuzima, anamtazama baba. Prezida wa kamati akitikisa kichwa, anakata. Wenzangu waliacha hata kujikuna. Baba alikuwa amekodoa macho, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona kabla: alikuwa hajui kuhusu Alhamisi. Mama alikuwa hajamwambia siku. Alimwambia tu kwamba ataingia hospitalini, siku watakapomwita.

Akaja. Nilisikia viatu vyake kwenye sakafu, kisha harufu ya sabuni ya shati lake juu ya kichwa changu. Akainama.

"Nitie," akasema.

Na kabla sijafungua mdomo, akamaliza mwenyewe, kwa sauti yake ya kanisani, ila imepasuka katikati: "Mama Feruzi na Baba Feruzi. Mwenye kusikia amufikishie."

"Amina!" tukaitika watoto wote, na Mama Zaina akaitika nasi, naye ni Mwislamu.

Nyumbani poste ilikuwa inaongea, imefika kwa pasta. Mama alikuwa amekaa pale pale. Baba akasimama mlangoni, safari hii kofia mkononi. Nilitegemea waseme mambo makubwa, wakubwa wangu hawa, nikajificha nyuma ya mtungi nisikilize. Mama akasema, "Baba Feruzi, maji ya kunawa haya." Baba akasema, "Aksanti." Akanawa. Tukala.

Siku ya Mungu, katika dakika zake arobaini, mjomba Ramazani alifika kwenye dua ya mwisho akakohoa kidogo. "Tunamuombea," akasema, "Sakina wa karibu na musikiti mukubwa, ambaye mume wake Saidi iko Lusangi tangu mvua ya kwanza. Mungu amukumbushe Saidi kwamba nyumba inavuja. Mwenye kusikia aseme amina na amufikishie." Watu walicheka mpaka wakaanguka, kisha kesho yake wakajipanga mlangoni kwake na majina. Pasta naye akaona asibaki nyuma. Jumatatu aliombea ng'ombe aliyepotea, akataja rangi yake na pembe yake iliyovunjika. Kufikia Jumanne kamati ilikaa tena chini ya hema, na baba alisimama akasema kwa kifupi kwamba amekosea, saa ya komunike irudi jioni, katikati, na dini zote zikae ubavuni mwake. Mjomba aliinua mkono.

"Shemeji, umeshindwa na mutoto wa kike wa miaka tisa?"

"Nimeshindwa," baba akasema. "Weye je?"

"Miye pia," mjomba akakubali.

Lakini mimi sikuwa nasikiliza ushindi wangu. Jumanne ilikuwa imekwisha na Feruzi hajatokea. Jumatano mama alifunga kitenge chake cha hospitali, akaweka ndani yake sabuni, sahani na kijiko. Baba alikuwa anakwenda barabarani na kurudi, kwenda na kurudi, akisingizia anamtafuta kuku. Kuku alikuwa chini ya meza.

Feruzi alikuja saa kumi jioni, mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka vidole, amekonda, mabega yamepanuka. Mama hakupiga kelele. Alimshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku kama anayechagua nanasi sokoni, akasema, "Hukulaka huko?" Kisha ndipo akalia, na safari hii hakutaja moshi.

Baba alikuwa amesimama ukutani. Nilimtazama kwa hofu. Akageuka, akaishusha ile baiskeli, akaiegemeza mbele ya mwanawe.

"Gurudumu la nyuma limepungua chuma kimoja," akasema. "Nitakutafutia kingine. Hicho kiko kwenye poste yangu, na miye sikitoi."

Mama alipasuliwa Alhamisi asubuhi, baba na Feruzi wamekaa kwenye benchi moja nje, na mchana alishaamka anagombana na muuguzi kuhusu uji.

Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa nimeshaolewa, Feruzi aliniambia jambo ambalo sikulijua. Siku ile Salamabila dereva wa pikipiki alimkuta kwenye shimo, akasimama juu, akamsomea yote kama alivyokaririshwa na mwanamke wa sokoni Lusangi. Alipofika kwenye kisu, Feruzi alisema, ninakuja. Alipofika kwenye moshi wa jikoni, alisema, ninakuja. Lakini hakupanda. Aliona aibu ya mlango ule na mtu aliyesimama ndani yake. Kisha dereva akasema, "Bado haijaisha. Iko maneno ya mwisho: Mama Feruzi na Baba Feruzi."

"Ni mama alitia jina lake?" Feruzi akauliza.

"Hapana. Wanasema ni mzee mwenyewe, kwa mudomo wake, kwenye redio."

Hapo ndipo alipanda kutoka shimoni, akaacha hata sululu yake.

"Mama," kijana wa komunike akaniita tena, "jina la marehemu. Lile la kwenye kadi ya uraia."

La kwenye kadi ninalo, nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi yangu kwa herufi nzuri. Niliikunja karatasi nikaitia kwenye mkoba. Nani Lusangi analijua jina hilo? Nani Salamabila atamzuia mwenzake njiani kwa jina la kadi?

"Andika Baba Feruzi," nikamwambia.

"Baba Feruzi tu?"

"Tu. Alilisema mwenyewe humu ndani, kwenye sponji hizi. Watalitambua."

Akaandika. Akaniuliza inatoka kwa nani, nikamwambia, kwa Mama Feruzi, na kwa Feruzi, na kwangu mimi. Akaweka nukta, akataka kufunga daftari, nikamshika mkono.

"Na maneno ya mwisho, mwanangu."

"Ah, hayo nayajua, mama," akasema, na akayaandika huku anayatamka: "Mwenye kusikia amufikishie."

"Amina," nikaitika.